Manyoya ya ndege wako yakiharibika: namna ninavyotunza njiwa na vikasuku hapa Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Karibu kila wiki kuna kijana ananisimamisha hapa Langoni au wa Shela ananipigia simu, "ami, njiwa wangu manyoya yamesimama simama hayalali, nimpulizie dawa gani?" na mimi namjibu palepale kwa mdomo, nusu nasema nusu nasahau, sa leo baada ya laasiri nimekaa niandike yote pamoja. Njiwa nafuga juu darini tangu nasoma chuoni, ami yangu ndo alonitia kwenye mambo haya, na miaka ya karibuni nimeongeza vikasuku, wale wadogo wa kijani na bluu ambao asili yao ni Australia, wanauzwa kwa jozi. Kwa hivyo nitakayosema ni ya njiwa na vikasuku ila mengi yatamfaa hata mwenye kanari.

Kabla hujaenda kununua dawa yoyote shika hili. Nyoya likishakomaa halina uhai tena, ni kama ukucha, halina damu na haliwezi kujiponya. Likikatika litabaki vile vile mpaka lianguke lenyewe liote jengine, na nyoya kubwa la ubawa ndege anaweza kukaa nalo mwaka mzima. Sa mtu anampulizia ndege madawa juu juu kumbe shida ilikuwa chakula cha wakati ule nyoya linaota, anamaliza pesa na anamtesa kiumbe wa watu. Kila nyoya limeweka alama ya siku zile lilipokuwa linatoka. Ukijua kulisoma utajua cha kurekebisha.

Kulisoma ni hivi. Asubuhi ukipanda kulisha okota nyoya lililoanguka, chagua la ubawa maana ni kubwa linaonyesha vizuri, lishike kwenye mwanga wa jua ulitizame vile mtu anavyotizama noti ya elfu kama ni ya kweli. Ukiona mstari mwembamba umelikatiza toka upande mmoja hadi wa pili, kama mtu amepitisha ukucha, ujue nyoya lilipokuwa linaota ndege alipata shida, njaa au ugonjwa au hofu kubwa, na hapo kwenye mstari ndipo litakapokatika. Mstari mmoja kwenye nyoya moja usikunyime usingizi. Lakini njiwa kijana akiwa na mstari kwenye manyoya yote usawa mmoja, huyo alipungukiwa akiwa kiotani, maana kinda manyoya yake yanaota yote kwa pamoja. Ukiona vitobo vidogo vidogo kama vya sindano hao ni chawa. Ukiona ncha zimelika zimechakaa kama ufagio wa zamani, basi tundu ni dogo au waya unamkwaruza kila akigeuka. Alafu fanya hivi, lipasue lile nyoya kwa vidole liachane, kisha livute taratibu toka shinani kwenda nchani. Nyoya zima litajifunga tena kama halijaguswa, kwa sababu vile vinyuzi vyake vina vishikizo vidogo sana vinavyoshikana. Ndege anapokaa anajichambua na mdomo kutwa nzima kazi anayofanya ndo hiyo, anavifunga vishikizo. Nyoya bovu halijifungi, linabaki limechanika.

Nilikuwa na jike mmoja mweupe, aliangusha nyoya la ubawa wa kulia na baada ya siku mbili mwenzake wa kushoto, yote mawili yana mstari pale pale karibu na nusu. Nikakaa nikahesabu nyuma. Mwaka uliopita wakati kama ule paka aliingia bandani usiku akachukua makinda mawili, wale wakubwa walipiga mbawa gizani mpaka alfajiri, na huyu jike hakula vizuri karibu wiki nzima. Usiku ule ulikuwa umeandikwa pale kwenye nyoya. Toka siku hiyo mimi kila nyoya naliangalia.

Sa twende kwenye kunyonyoka, yaani manyoya ya zamani kuanguka na mapya kuota, kwa sababu hapa ndo watu wengi wanaogopa bure na wengine wanapuuza ugonjwa wakidhani ni kunyonyoka. Njiwa ana manyoya 10 makubwa ya nje kila ubawa, na mkia wa njiwa wa kawaida una 12. Yale kumi hayaanguki kwa pamoja, yanakwenda kwa zamu, linaanza la ndani karibu na kiungo cha katikati ya ubawa, likishaota linafuata la pili, hivyo hivyo mpaka la nchani, na kulia na kushoto vinakwenda karibu sawa ili aendelee kuruka. Zamu nzima inachukua miezi. Vikasuku nao wanadondosha kidogo kidogo mara kadhaa kwa mwaka, asubuhi unakuta vimanyoya chini ya tundu na ndege kichwa kimejaa vimiba vya manyoya mapya. Alama ya kunyonyoka kwa kawaida ni kwamba huoni ngozi. Ukiona ngozi iko wazi, kipara kifuani au chini ya mbawa, au ubawa mmoja umeisha na mwengine mzima, hiyo si zamu ya kawaida, tafuta sababu. Na usitegemee tarehe wanazosema watu wa nchi za baridi kwamba ndege wananyonyoka mwezi fulani, huku kwetu karibu na ikweta mchana na usiku vinakaribiana mwaka mzima, mwangalie ndege wako mwenyewe.

Nyoya jipya linatoka limefungwa ndani ya ganda kama kijiti, na ndani yake mna damu inayolilisha. Wakati huu usimshike shike ndege, inamuuma, na likivunjika linatoka damu nyingi kuliko unavyofikiria kwa mwili mdogo vile. Likivunjika usibabaike, chukua unga wa ngano mkavu, bandika pale, bonyeza kwa kidole dakika tano bila kuangalia angalia, alafu mweke kwenye boksi lenye giza atulie. Damu ikikataa kusimama mpeleke kwa daktari wa mifugo, usijaribu kuling'oa mwenyewe. Vile vimiba vya kichwani ndege hawezi kujifikia, mwenzake ndo anamsugua, sa kama umemuweka kikasuku peke yake unaweza kumsaidia kwa ncha ya kidole lakini subiri ganda likauke liwe jeupe kabisa, na yeye mwenyewe aje kuinamisha kichwa, usimlazimishe.

Chakula. Hapa ntakaa kidogo maana ndo pahala pake. Nyoya karibu lote ni protini, ile ile ya ukucha na nywele, na mwenye njiwa anayempa mahindi matupu mwaka mzima asitarajie manyoya ya kung'aa. Mahindi yana nguvu ila protini yake haitoshi. Mimi nachanganya mtama na mahindi yaliyovunjwa, na humo natia choroko, kunde na mbaazi kavu, na wakati wa kunyonyoka kunde na choroko naongeza mpaka zifike karibu robo ya debe. Njiwa mmoja mkubwa anakula kama gramu 30 kwa siku, hapo hapo, sa usimwage chakula sakafuni kikalala kikaita panya. Alizeti ni nzuri kwa mng'aro ila ina mafuta, natia kidogo tu. Na wakati ananyonyoka simpi nafasi ya kutaga, nawatenga dume na jike au naondoa viota, kwa sababu mwili mmoja kulea makinda na kuota manyoya kwa wakati mmoja ni mzigo, na yale maziwa ya njiwa wanayotapikia makinda yanatoka kwenye mwili huo huo wa baba na mama.

Kikasuku yuwala uwele na mbegu nyingine ndogo ndogo, kama vijiko viwili vya chai kwa siku, na hapa nawaomba sana mnisikize. Njiwa anameza punje nzima, lakini kikasuku anamenya, anakula kiini na ganda anarudisha kwenye kile kile chombo. Mtu akitizama anaona chombo kimejaa, anasema huyu hali, kumbe ni maganda matupu na ndege ana njaa ya siku mbili. Kila asubuhi kipulize kile chombo, maganda yaruke, uone kilichobaki. Nimeona ndege wamekufa hivi kwa watu wenye huruma kabisa, na inaniuma kila nikikumbuka. Na mbegu peke yake hazitoshi, zinakosa vitamini A, na vitamini A ikikosekana ngozi na manyoya vinakauka na pua zinaanza kuziba. Mpe karoti iliyokwaruzwa, boga, pilipili hoho, sukuma, majani ya mlonge, mchicha pia ila si kila siku maana unazuia mwili kuchukua kalisiamu. Wakati wa kunyonyoka mpe kipande cha yai la kuchemsha, likikaa saa mbili kwenye joto hili letu litoe.

Usimpe parachichi hata kidogo, ni sumu kwa ndege. Chokoleti, kahawa, chai, vitunguu na vyakula vya chumvi, vyote hivyo hapana. Na mahindi au mtama wenye harufu ya uvundo tupa. Hapa kwetu unyevu ni mwingi, gunia likikaa chini kwenye sakafu ya chokaa linaota ukungu kwa ndani, na ule ukungu una sumukuvu inayoharibu ini, na ini likiharibika manyoya yanabadilika rangi yanakuwa laini laini hayana nguvu. Niliwahi kuuziwa gunia zima la namna hiyo, juu safi, chini limeshikana mabonge, nikadhani nikilianika litafaa. Anika usianike sumu iko pale pale. Toka siku ile nanunua kilo chache chache, natia mkono mpaka chini kabla sijalipa, na naweka kwenye ndoo yenye kifuniko juu ya mbao.

Madini hapa Lamu tumebarikiwa, hatuna haja ya kununua vitu vya paketi. Ukiona njiwa wako wameenda kudonoa chokaa ya ukuta wa nyumba ya zamani, wanakwambia wamekosa kalisiamu. Chukua maganda ya chaza au ya kome, osha, anika, ponda kwenye kinu mpaka yawe kama mchanga mkubwa, changanya na changarawe ndogo safi, weka kwenye kibakuli chao peke yake. Njiwa hana meno na kinachosaga punje tumboni mwake ni zile changarawe. Na kikasuku mpe mfupa wa dome, yule wa jamii ya ngisi, ule mweupe mwepesi unaoletwa na maji ufukweni au muombe mvuvi akuwekee. Usimpe vile ulivyouokota, umejaa chumvi. Uloweke kwenye maji matamu siku tatu huku ukibadilisha maji asubuhi na jioni, alafu uanike juani mpaka ukauke kau, uufunge kwenye tundu kwa kamba au waya msafi, upande laini umtizame ndege. Anaponoa mdomo wake hapo na kalisiamu anaipata.

Kuoga. Ndege asiyeoga manyoya yake yanakuwa makavu, vumbi linajaa, anaanza kujikuna na kujing'ata. Njiwa mpe karai pana maji yafike kina cha vidole vitatu vinne vilivyolazwa, kikasuku kisahani cha chai chenye maji kidogo. Mimi nawaogesha Jumatatu na Ijumaa asubuhi jua likishapanda, ili mpaka jioni wawe wamekauka, kwa maana kulala na manyoya maji kwenye upepo wa kusi ni kumtafutia ugonjwa. Baada ya saa moja mwaga maji, ukiyaacha wanayanywa na tayari wameyachafua. Maji yawe matamu, na hapa ndipo mtu wa Lamu aangalie sana, visima vyetu vingine maji yake yana chumvi chumvi, ukimuogesha nayo yakikauka chumvi inabaki kwenye manyoya yanakuwa magumu na ndege anajikuna. Mimi nakinga maji ya mvua wakati wa masika naweka pipa kwa ajili yao. Sabuni usitie, shampuu usitie, siki usitie, maji matupu.

Njiwa mzima akimaliza kuoga utaona juu ya maji pamebaki utando mweupe kama unga umemwagika, watu wengine wanadhani ni uchafu au ugonjwa. Hiyo ni dalili njema kabisa! Njiwa ana manyoya maalumu yanayosagika kuwa unga laini na huo unga ndo unakinga manyoya mengine yasilowe, kwa sababu ile tezi yake ya mafuta iliyo juu ya mkia ni ndogo. Kikasuku yeye anaitegemea zaidi hiyo tezi, utamuona anageuza shingo anachovya mdomo pale juu ya mkia alafu anapaka mwilini. Siku njiwa wameoga na maji yakabaki matupu bila utando, mimi huanza kuwachunguza mmoja mmoja.

Na mvua ya kwanza ikinyesha usiwafungie ndani haraka. Panda ukawaangalie. Njiwa analala ubavu pale kwenye sakafu, anainua ubawa mmoja juu kama tanga, anaiacha mvua iingie mpaka kwenye kwapa, kisha anageuka anainua wa pili. Miaka yote hii nafuga na bado nasimama kibarazani nalowa nikiwatizama, mashallah.

Jua pia ni dawa, linamsaidia kutengeneza vitamini D, ila jua la dirisha la kioo halifanyi kazi hiyo, lazima limfike moja kwa moja. Kikasuku toa tundu nje nusu saa asubuhi, nusu ya tundu iwe kivulini ajichagulie, na usimuache peke yake hata dakika mbili kwa sababu ya kunguru na paka.

Sa hewa. Hili naliandika kwa uchungu. Nyumba zetu hazikosi udi na ubani, chetezo kikiwaka ndo nyumba imekuwa nyumba, lakini mapafu ya ndege si kama yetu, ana vifuko vya hewa vimeenea mwilini, moshi unaingia mpaka ndani kabisa. Siku ya harusi nyumbani kwetu chumba kilifungwa wapate kujifukiza nguo, na tundu la vikasuku lilikuwa limehamishiwa mle mle ili lisiguswe na watoto, mimi niko nje na wageni. Niliporudi mmoja yuko chini ya tundu amefungua mdomo anapumua kwa mkia, mkia unapanda na kushuka, na jioni alikufa. Kwa hivyo ukitaka kufukiza toa ndege kwanza, apelekwe uani au nyumba ya jirani, na asirudi mpaka harufu iishe kabisa. Vile vile dawa ya mbu ya kuwasha, dawa za kupuliza, jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wa sigara. Na zile sufuria na vikaango visivyoshika, vikiachwa juu ya moto vitupu vikapata moto sana vinatoa hewa ambayo mtu haisikii lakini ndege anakufa kwa dakika chache. Tundu lisikae karibu na jikoni.

Tundu na banda. Chumvi ya bahari inakula waya hapa kuliko bara, mwaka mmoja tu kutu imeshika na ndege anapanguza manyoya yake hapo kila siku. Osha tundu kwa maji matamu kila wiki ulikaushe. Waya mpya wa mabati una zinki, ambayo ni sumu kwa ndege, na kikasuku anatafuna kila kitu, sa ukiununua usugue kwa brashi na siki, usuuze, uanike, na kama unaweza kupata wa chuma kisichoshika kutu lipa hiyo tofauti. Tundu liwe na upana wa ndege kukunjua mbawa zote mbili bila kugusa popote, na nafasi ya kuruka walau kidogo, tundu pana ni bora kuliko refu la kwenda juu. Vijiti vya kusimamia usiweke vile vya plastiki vya kulingana, kata matawi ya mpera au mwarobaini, yawe mengine manene mengine membamba ili miguu ifanye kazi, na usiweke kijiti karibu na ukuta wa tundu mpaka mkia ukawa unasuguliwa na waya, mikia mingi iliyochakaa sababu yake ndo hiyo tu. Usiku funika pande tatu kwa leso nyepesi, apate giza na utulivu kwa muda wa saa kumi au zaidi. Mkiwa mnaangalia mpira ukumbini mpaka saa sita na taa inawaka, huyo ndege halali.

Nyoya la mkia likipinda bila kukatika, labda alisafirishwa kwenye boksi dogo kutoka Mokowe kwenye boti, linanyooka. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka uweze kutia kidole kwa sekunde bila kuungua, mtu mmoja amshike ndege kwenye taulo, wewe chovya lile nyoya tu, ngozi isiguse maji, hesabu mpaka tano, toa, linyooshe kwa vidole. Litarudi.

Wadudu nao. Mchunguze ndege mwenyewe, fungua ubawa kwenye jua, chawa wembamba utawaona wamelala katikati ya vinyuzi kama vijistari vya kahawia. Utitiri mwekundu humuoni mchana, mchana unajificha kwenye nyufa za banda na usiku ndo unatoka kunyonya damu, sa tandika kitambaa cheupe chini ya kijiti usiku, alfajiri kikunjue uangalie mikunjo, ukiona vidoti vyekundu banda limeingiliwa. Hapo kumtibu ndege bila banda ni kazi bure. Toa ndege wote, kwangua kila kitu, mwaga maji yanayochemka kwenye maungio ya mbao, alafu paka chokaa mara mbili kama wazee walivyokuwa wanafanya, ngoja ikauke kabisa kabisa ndo urudishe ndege kwa sababu chokaa mbichi inaunguza miguu na macho. Rudia baada ya wiki moja kuwakamata waliotoka mayaini. Kwenye viota natia majani makavu ya mwarobaini, nilirithi hiyo na naiona inasaidia. Kuna na yule inzi bapa wa njiwa anayekimbia chini ya manyoya ukimshika ndege, huyo ananyonya damu na anaambukiza vimelea vya damu, usafi wa viota kila wiki mbili tatu ndo unamkata.

Dawa ya kupunguza wadudu iko, ile ivamektini ya matone, lakini usichukue ya sindano ya ng'ombe ukakadiria kwa jicho. Kikasuku mzima ana gramu 30 hadi 40, tone moja la dawa ya ng'ombe linaweza kumuua. Mpime kwa mizani ya jikoni, mpe daktari wa mifugo uzito, yeye akupigie hesabu. Ukiona kikasuku ana ukoko kama sifongo pembeni ya mdomo na miguuni, huo ni utitiri mwengine unaochimba ngozi, unatibika vizuri ukiwahi.

Wale wanaojinyonyoa wenyewe. Njiwa kujinyonyoa ni nadra, ukimuona kipara kichwani au shingoni mara nyingi mwenzake ndo anamng'oa, banda limejaa kupita kiasi, watenge. Kikasuku na kasuku wakubwa wao wanajinyonyoa, na dalili ni kwamba kichwa ni kizima kabisa na mwili ndo umeharibika, maana kichwani mdomo haufiki. Kwanza ondoa ugonjwa na wadudu kwa daktari, kisha angalia maisha yake. Kukaa peke yake kutwa, kitu cha kufanya hana, watoto wanampigia kelele, paka anamkodolea macho nje ya tundu. Mpe mwenzake, mpe ukuti wa mnazi achane chane, mfichie mbegu ndani ya kifuu. Kama kichwani pia manyoya yanaanguka na mapya yanatoka yamejikunja au mdomo unamegeka, kuna virusi vinavyoshika jamii ya kasuku vinavyoharibu mdomo na manyoya, havina dawa na vinaambukiza, mtenge siku hiyo hiyo na usinunue ndege mpya ukamtia kwenye tundu la wengine bila kumkalisha peke yake mwezi mzima.

Kukata mbawa wengine wanapenda. Mimi sikati. Nyoya lililokatwa linabaki limekatwa mpaka zamu yake ya kunyonyoka ifike, na kwa mji wenye paka kila kona kama Lamu ndege asiyeweza kuruka amekwisha. Banda langu nimeweka waya wa matundu madogo mpaka chini na usiku nafunga kabla ya magharibi, paka na panya kwa usiku, kunguru kwa mchana, hao wakiona kinda hawaliachi.

Na ndege wa porini muwaache jamani. Wapo vijana bado wanatega kwa ulimbo, ule ukishika manyoya ndege akijivuta anayang'oa. Ukimkuta amenasa, paka mafuta ya kula kidogo kidogo mpaka ulimbo ulegee, kisha sabuni ya vyombo tone moja kwenye maji vuguvugu, suuza sana, mkaushe kwenye boksi lenye joto, akipata nguvu muachie. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inataka kibali cha KWS, shirika la serikali la wanyamapori, kwa kufuga wanyamapori, na kasuku wa kijivu tangu mkutano wa 2016 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini, ni marufuku kumfanyia biashara ya kimataifa akiwa ametolewa porini, sa ukiletewa na mtu kwa bei ya kutupa usimchukue.

Wewe mwenyewe ukifagia banda funga barakoa na nyunyiza maji kwanza, ule unga na vinyesi vikavu vinaingia kifuani, nimeona wafugaji wa zamani wakikohoa miaka.

Mwisho, siku ya daktari. Ndege anaficha ugonjwa mpaka hawezi tena, kwa hivyo akijivimbisha manyoya mchana kwenye joto, macho nusu yamefungwa, au njiwa anapinda shingo, usingoje kesho. Mtie kwenye boksi la karatasi lenye vitobo, chini tandika kitambaa, usiweke bakuli la maji litamwagika atalowa, funika upepo wa boti usimpige. Chukua kinyesi cha asubuhi kwenye mfuko, chakula anachokula kiganja kimoja, na manyoya matatu manne aliyoangusha wiki hiyo, yafunge kwenye karatasi uandike tarehe.